Utani wa Simba na Yanga umetuvunjia gofu yetu ya Jumamosi

SWALI

Ndugu Mshauri, salaam.

Sisi ni wanne, wakazi wa Dar, watu wazima wenye familia zetu. Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijakolea, tunakutana uwanjani kucheza gofu mashimo 18. Wawili ni Simba, wawili ni Yanga, na pande tunazigawa hivyohivyo: mimi na daktari ni Simba, mwenye duka la vipuri Kariakoo na mhasibu ni Yanga. Tunashindana shimo kwa shimo, na mpira bora wa kila upande ndio unaohesabiwa. Handikapu zetu kwa uwanja ule, yaani mikwaju ambayo kila mtu anakadiriwa kuzidisha juu ya ile ya kawaida ya uwanja, ni hizi: daktari 10, mwenye vipuri 14, mhasibu 18, mimi 24. Kwa kuwa mimi ndiye dhaifu, tulikubaliana tangu mwanzo nipewe mikwaju 10 ya bure, wengine wacheze bila kupewa kitu.

Utani ndio uliotuunganisha. Sisi tunaitwa Makolo, wao tunawaita Utopolo, na hakuna aliyewahi kununa. Majuzi tukiwa sawa kwenye shimo la 17, mpira wangu ulibaki kama futi tatu kufika shimoni. Mwenye vipuri akasema wazi, "Hiyo tumekupa, okota," yaani ihesabiwe nimeingiza kwa mkwaju unaofuata bila kupiga. Nikaokota. Naweka mpira mfukoni, akacheka: "Nilikuwa natania, rudisha upige." Nikakataa. Tukabishana mpaka kundi la nyuma likaanza kutupigia kelele. Tukashinda kwa shimo moja, nao wakalipa elfu ishirini kila mmoja kwa shingo upande.

Jioni mwenye vipuri akatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi letu la WhatsApp: "Makolo mmezoea kubebwa, mpaka kwenye gofu!" Daktari akamjibu: "Bora kubebwa kuliko kudaiwa." Kweli mwenzetu ana madeni, mzigo wake umekwama, na alitueleza sisi kwa siri. Akalefti kundi. Simu hapokei. Mhasibu naye anasema bila mwenzake haji.

Naomba unisaidie. Ule mkwaju ulikuwa wangu au haukuwa wangu? Tupige marufuku Simba na Yanga uwanjani? Mimi naona utani ni utani, na mtani hanuni. Mechi ya watani inakaribia na sitaki itukute tukiwa hivi.

Mwana Msimbazi, Mikocheni

JIBU

Ndugu yangu wa Msimbazi,

Mkwaju ulikuwa wako. Kanuni za Gofu zinazotolewa na R&A na USGA, vyombo vinavyotunga kanuni za mchezo huu, zinalisema hili bila kumung'unya maneno, katika kanuni ya 3.2b: kwenye mechi ya shimo kwa shimo, aliyempa mpinzani mkwaju, shimo au mechi nzima hawezi kugeuka, na aliyepewa hawezi kukataa. Mwenzako aliposema "tumekupa, okota", shimo kwako lilikuwa limeisha kabla hujainama. Kanuni hiyohiyo inamlinda pia aliyeelewa vibaya. Mtani akisema "hiyo hata mtoto anaingiza", nawe ukaokota kwa kudhani kwa nia njema kwamba umepewa, huadhibiwi, ila unarudisha mpira ulipokuwa na unapiga. Kwa watu wanaotaniana kama ninyi, dawa ni kukubaliana neno moja tu la kupeana. "Okota" linafaa sana. Lisitumike kwa mzaha hata siku moja, na lolote lisilo neno hilo lihesabiwe kelele za uwanjani. Kumbukeni pia kwamba kupeana kupo kwenye shimo kwa shimo peke yake. Siku mnayohesabu mikwaju yote, kila mpira lazima uingie.

Hilo limekwisha, na ndilo dogo. Kubwa ni hesabu ya handikapu zenu, na hapo, ndugu yangu, wenye haki ya kulalamika si ninyi wa Msimbazi.

Chukua zile namba nne. Kwa mechi ya wawili kwa wawili yenye kuhesabu mpira bora, mfumo wa dunia wa handikapu ulioanza 2020 unapendekeza kila mchezaji atumie asilimia 90 ya handikapu yake ya uwanja. Daktari mwenye 10 anabaki na 9. Mwenye vipuri mwenye 14 anapata 12.6, inakuwa 13. Mhasibu mwenye 18 anapata 16.2, inakuwa 16. Wewe mwenye 24 unapata 21.6, inakuwa 22. Kisha aliye chini kabisa anacheza bila kupewa, na wengine wote wanatolewa ile 9 yake. Jibu: daktari 0, mwenye vipuri 4, mhasibu 7, wewe 13.

Sasa linganisha na mapatano yenu. Wewe ulikuwa unapewa 10 badala ya 13, yaani umepungukiwa 3. Wao walistahili 11 kwa pamoja, wakapewa sifuri. Kila Jumamosi mlikuwa mnaanza mechi mkiwa mbele na hamkujua.

Ione kwenye shimo lenyewe. Kadi ya uwanja ina safu inayopanga mashimo kwa ugumu, 1 hadi 18, na mikwaju ya kupewa inaanguka kuanzia namba 1. Tuseme mko kwenye shimo la mikwaju minne ambalo ni la 5 kwa ugumu. Daktari amemaliza kwa 5, mwenye vipuri 5, mhasibu 5, wewe 6. Kwa mapatano yenu wewe una mkwaju hapo, 6 yako inakuwa 5, wote mko 5, shimo sare. Kwa hesabu sahihi mhasibu naye ana mkwaju hapo, maana mikwaju yake saba inafunika ugumu wa 1 hadi 7. 5 yake inakuwa 4, na Yanga wamechukua shimo. Kwa kuwa mpira bora ndio unaohesabiwa, si kila mkwaju unageuza matokeo, lakini mechi yenu iliisha kwa tofauti ya shimo moja. Hapo huhitaji mashimo mengi.

Kwa hiyo kabla ya kupiga mpira wa kwanza, mmoja wenu, na ningependa awe mhasibu, achukue kadi aweke nukta kwenye kila shimo ambalo mchezaji anapewa mkwaju. Nukta 4, nukta 7, nukta 13. Wote wanne muione, ndipo muende. Hesabu inayofanywa shimo la 17 mkiwa sawa haijawahi kumridhisha mtu.

Hizo handikapu zenyewe hakikisheni ni za kweli. Indeksi ya mchezaji, yaani namba ya uwezo wake kabla ya kuangalia uwanja anaochezea, hutokana na wastani wa matokeo 8 bora kati ya 20 ya karibuni, baada ya kila tokeo kupimwa kwa ugumu wa uwanja. Mgeni anaanza akiwa na kadi za mashimo 54, kwa kawaida raundi tatu. Kwa kadi hizo tatu huchukuliwa lile bora na kupunguzwa 2. Kutoka indeksi kwenda handikapu ya uwanja, unazidisha indeksi kwa slopu ya uwanja (namba ya ugumu wake kwa mchezaji wa kawaida), unagawa kwa 113, kisha unaongeza au kupunguza tofauti kati ya kiwango cha uwanja (mikwaju inayotarajiwa kwa mchezaji hodari) na jumla ya mikwaju yake ya kawaida. Mfano: indeksi 22.2, slopu 125, kiwango 71.5 kwenye uwanja wa mikwaju 72. Unapata 24.6, unatoa 0.5, unabaki na 24. Ndiyo maana mtu huyohuyo anaweza kuwa 24 hapa na 22 kwingine, na asishukiwe. Na mwenye hofu kwamba mwenzake anacheza ovyo makusudi ili handikapu ipande, mfumo una breki: indeksi ikipanda zaidi ya 3.0 juu ya ile ya chini kabisa uliyowahi kuwa nayo ndani ya siku 365, ziada inakatwa nusu, na haiwezi kuvuka 5.0.

Sasa tuje kwenye neno "kubebwa", kwa sababu hapa ndipo utani wa mpira unapokosea njia ukiingia kwenye gofu. Pale Benjamin Mkapa, mtu akisema mmebebwa, anamsema refa. Kuna filimbi, kuna washika vibendera, kuna maelfu ya watu, na wewe uliyekaa jukwaani hukugusa mpira. Unacheka, unajibu, mnakwenda zenu. Gofu haina refa wa kukufuata. Mchezaji mwenyewe ndiye anayehesabu mikwaju yake, anayesema mpira wake ulitikisika au haukutikisika, anayejiadhibu vichakani bila kuonwa na mtu. Ukimwambia mcheza gofu amebebwa, hakuna refa wa kuubeba mzigo huo. Umemwambia yeye mwenyewe si mwaminifu. Mwenye vipuri alitumia neno la Kariakoo mahali ambapo lina uzito mwingine kabisa. Ubaya ni kwamba kwa ile kadi alikuwa na sababu ya kuhisi hivyo, ingawa nadhani hata yeye asingeweza kuieleza.

Kauli ya daktari haina utetezi. Unasema mtani hanuni, na ni kweli, kwa utani. Angalia wanaoujua utani tangu zamani, Wazaramo na Wanyamwezi kwa mfano. Mtani anakuja msibani akatoa vituko, akamwigiza marehemu, akadai hela ndipo aondoke njiani, na wafiwa wanacheka na machozi machoni. Lakini mtani huyohuyo ndiye anayeshika jembe na kubeba maji. Anachokichezea ni kile ambacho watu wote wanakiona. Siri aliyoambiwa pembeni hailetwi barazani. Madeni ya mwenzenu mliambiwa kama ndugu, yakarushwa kundini kama silaha. Kujitoa kwake si kununa.

Kuhusu kupiga marufuku Simba na Yanga: hapana, msifanye hivyo hata kidogo. Mtabaki watu wanne mnaotembea kwa muda wa saa nne kwenye jua mkizungumzia foleni ya Mwenge. Kinachotakiwa ni utani kujua saa zake.

Gofu ina nafasi kubwa sana ya maneno, pengine kuliko mchezo mwingine wowote, kwa sababu muda mwingi ni wa kutembea. Kutoka grini (pale penye nyasi fupi na shimo) hadi tii inayofuata (pa kuanzia shimo jingine), semeni mtakalo. Mkitembea kuifuata mipira, semeni. Mtu anapochagua fimbo bado mnaruhusiwa. Anaposimama kwenye mpira na kuweka miguu yake sawa, midomo ifungwe mpaka mpira utulie. Kanuni ya 1.2 inamtaka kila mchezaji asimvuruge mwenzake, na kuvuruga si sauti peke yake. Asubuhi ile mnayoanza, vivuli ni virefu. Kivuli cha mtani kikilala juu ya njia ya mpira wako kwenye grini kinasumbua kuliko neno lolote. Usisimame nyuma ya shimo usoni pa anayepiga, wala nyuma yake kwenye mstari wa mpira. Usichezeshe sarafu mfukoni. Simu ziwekwe kimya kabisa, hasa siku ya mechi, maana programu za matokeo hulia dakika ileile mtu amevuta pumzi.

Kuna jambo moja ambalo watani wengi hawalijui, nalo huweza kuwagharimu shimo. Kanuni ya 10.2 inakataza kumpa mpinzani ushauri au kumwomba. Ukimzodoa mwenye vipuri, "Kwa fimbo namba saba hiyo hufiki, chukua sita," umemshauri, hata kama ulikuwa unamcheka, na adhabu kwako ni kupoteza shimo, ingawa mwenzako wa upande anaweza kuendelea kulipigania. Ukimuuliza, "Umepiga namba ngapi wewe?" kabla hujapiga wako, adhabu ni hiyohiyo. Umbali wa kufika grini unaweza kuuliza, hiyo ni habari ya wote. Lakini tambo zote za Simba na Yanga ziko huru kabisa kikanuni, na hiyo ni sababu nyingine ya kutozifuta.

Na akiba ya tambo mnayo, tena imegawanyika vizuri kuliko handikapu zenu. Mtani wa Jangwani akikunyooshea vidole vitano kwa ile 5-1 ya tarehe 5 Novemba 2023, una 5-0 ya tarehe 6 Mei 2012, siku ambayo kipa Juma Kaseja naye alifunga penalti. Akirudi hadi 5-0 ya 1968, wakati Simba bado ikiitwa Sunderland, wewe unayo 6-0 ya 1977. Akileta fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika ya 2023, mkumbushe kwamba Yanga ililikosa kombe mbele ya USM Alger kwa bao la ugenini. Simba nayo ikalikosa 2025 mbele ya RS Berkane, na kabla ya hapo ilifungwa na Stella Abidjan kwenye fainali ya Kombe la CAF 1993. Hakuna mwenye neno la mwisho hapo, na utani mzuri ni ule ambao mwenzako ana jibu. Mnaoongoza kwa mashimo matatu baada ya tisa ya kwanza, kumbushweni Oktoba 2013: Yanga ilikwenda mapumziko ikiwa mbele 3-0, ikatoka 3-3. Hiyo ni tambo iliyotengenezwa kwa ajili ya gofu.

Hata kunguru wa Dar wanafaa. Akishuka akadaka mpira wako kwenye feawei (njia ya nyasi iliyofyekwa kuelekea grini) mbele ya macho yenu, unaweka mwingine pale ulipokuwa bila adhabu, kwa kanuni ya 9.6, na mnabaki na wiki nzima ya kubishana kunguru huyo ana kadi ya uanachama ya klabu gani.

Makedi msiwaingize. Kedi anayebeba mfuko wako analipwa na wewe, hawezi kukujibu kwa uhuru, kwa hiyo kumtania ni kumpiga mtu aliyefungwa mikono. Akijichagulia mwenyewe kuingia, sawa. Na malipo yake yasitegemee nani kashinda.

Dau lenu nalo lipunguzwe. Elfu ishirini kwa mechi moja, mwenzenu akiwa kwenye hali mnayoijua, ilikuwa inaongeza chumvi kwenye kidonda. Gaweni mara tatu: elfu mbili kwa mashimo tisa ya kwanza, elfu mbili kwa tisa ya mwisho, elfu mbili kwa jumla. Anayepoteza yote anatoa elfu sita, na waliozidiwa tisa ya kwanza bado wana cha kupigania. Msikubali mtindo wa kuongeza dau katikati kila upande unapoachwa mashimo mawili. Huko ndiko elfu mbili zinakotoka zikarudi elfu kumi na sita, na mtu anashindwa kukataa kwa kuona haya mbele ya watani. Hela yote iliyopatikana iishie kwenye supu na chapati za wote wanne.

Kwa mechi ya watani inayokuja, wekeni dau la heshima tu: upande uliofungwa unavaa kofia ya mtani Jumamosi inayofuata, mashimo tisa ya kwanza, basi. Kofia, si jezi, kwa kuwa viwanja vingi vya gofu vinataka shati la kola. Kundini, tambo za mechi ziishe Jumatatu usiku. Ujumbe wa sauti baada ya kufungwa msitume. Sauti yenye hasira haina alama ya kucheka.

Sasa mwenzenu. Anayepaswa kumwomba radhi kwanza si wewe. Ni daktari, na aende mwenyewe, Kariakoo dukani, saa ambayo wateja wamepungua, bila kuongozana na mtu. Simu haipokelewi, na ujumbe kupitia kwako utaonekana ni wa kujificha. Maneno yawe machache: "Kaka, ile kauli ya madeni sikupaswa kuisema popote, naomba unisamehe." Asiongeze "lakini na wewe ulisema". Hiyo "lakini" moja itarudisha kila kitu nyuma.

Wewe kazi yako ni kadi. Mpelekee mhasibu hesabu niliyokuandikia, aihakiki kwa kalamu yake, kisha yeye ndiye amwonyeshe mwenzake wa Yanga kwamba walikuwa wanadai mikwaju 11 na kwamba ninyi wa Simba ndio mliolikiri hilo. Ikitoka kwa mtu wa upande wake, na kwa namba, ataipokea. Mechi za nyuma msizirudie kuzihesabu, hamtamaliza. Ile elfu arobaini ya mwisho ndiyo iingie kwenye supu ya siku atakayorudi. Naye akirudi, neno "kubebwa" mlizungumze mara moja, akiwa ametulia, na msilirudie.

Inawezekana Jumamosi ya kwanza asije. Mhasibu akikubali, chezeni watatu, kila mtu kivyake, kwa pointi za Stableford: asilimia 95 ya handikapu, yaani daktari 10, mhasibu 17, wewe 23, pointi 2 kwa kumaliza sawa na shimo baada ya mikwaju yako, 3 ukipunguza mmoja, 1 ukizidisha mmoja, na ukizidisha miwili okota mpira uendelee. Siku hiyo hakuna kupeana futi tatu. Nafasi ya nne msimpe mtu mwingine, na saa kumi na mbili na nusu ya wiki inayofuata mwekeeni jina lake kwenye orodha ya kuanza.